Mkoba wa pancha wa pikipiki: udogo wake unapimwaje?

Mkoba wa pancha ni vile vifaa vichache unavyobeba ili tairi likiisha upepo mbali na fundi, uzibe mwenyewe na safari iendelee. Wengi hudhani mkoba mdogo ni ule unaoingia chini ya siti. Kwangu mimi, mkoba mdogo ni ule usiobeba kitu ambacho gurudumu lako halikihitaji. Kwa hiyo anza na gurudumu, dukani utakwenda baadaye.

Chungulia ubavuni mwa tairi. Likiandikwa TUBE TYPE, lina tyubu ndani, na pikipiki nyingi za rimu ya spoki ni za hivyo. Likiandikwa TUBELESS, tairi lenyewe ndilo linaloshika upepo kwenye rimu. Ila maandishi yasikudanganye: mafundi wetu wakishindwa na tyubulesi inayovuja huichomekea tyubu, na maandishi yanabaki yale yale. Muulize aliyelifungua mara ya mwisho.

Tyubulesi haina makuu. Unang'oa msumari, unakwangua tundu kwa kile chuma chenye meno, unasukumiza utambi wa mpira, unakata mkia wake, unajaza upepo. Gurudumu halitoki. Lakini utambi ni wa sehemu inayokanyaga barabara tu. Tairi likichanika ubavuni, tafuta usafiri mwingine.

Tyubu ndiyo yenye maneno. Hapo unahitaji leva mbili au tatu za kung'olea tairi kwenye rimu, spana inayoingia nati ya ekseli ya nyuma (ipime nyumbani, usikisie), viraka, msasa na solusheni, yaani gundi ya viraka. Na solusheni ndiyo msaliti wa mkoba mzima. Niliwahi kupata pancha nikitokea Isyonje kupanda Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ukungu umeshuka, mashamba ya viazi huku na huku, mtu hakuna. Nikatoa tyubu vizuri kabisa, nikakwaruza, nikabinya solusheni: kikatoka kipumzi tu. Niliifungua miezi iliyopita, ikakaukia ndani ya mkoba. Tangu siku ile nabeba mbili ndogo ambazo hazijatobolewa, pamoja na tyubu nzima ya akiba. Tyubu ya akiba inakula nafasi, ndiyo, lakini haihitaji kukauka wala kuombewa.

Solusheni ikiwa nzima, kosa la kawaida ni haraka. Paka nyembamba, subiri dakika chache mpaka mng'aro wake upotee na kidole kisitoke na uzi, ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza. Kwenye baridi ya huko juu, subira iwe ndefu zaidi. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi. Mwiba uliobaki utanasa kitambaa badala ya kidole chako. Kisha itie upepo kidogo ijiviringe, la sivyo leva itaibana na utakuwa umejitoboa mwenyewe. Ukikuta matundu mawili yanayotazamana kama alama ya meno ya nyoka, usitafute msumari. Ulipita kwenye mawe upepo ukiwa mdogo, rimu ikaing'ata tyubu.

Upepo nao. Vile vichupa vya gesi vinavutia kwa udogo wake, lakini kimoja cha gramu 16 hakijazi tairi la pikipiki, na kikiisha kimeisha. Pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye betri ya pikipiki ni nzuri kama nyaya zako ni nzima. Mimi nimebaki na pampu ya mkono ya baiskeli. Kufikisha upepo wa paundi 28 tairi la nyuma utapiga mpaka jaketi livuliwe, hata Kitulo. Ila inakufikisha Matamba, na kabla ya kuanza kushuka zile kona 57 za kwenda Chimala, simama, bonyeza tairi, tema mate kwenye valvu uone kama yanatoa mapovu.