Saa nane ya nani? Tarehe na saa katika habari za Kiswahili

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mhariri mchanga hapa Kisumu, nilipitisha tangazo la kliniki ya macho ya bure iliyokuwa ifanyike Ahero. Taarifa ilitufikia kwa Kiingereza, nasi tukaitafsiri mbiombio: "kuanzia saa 8 asubuhi hadi saa 2 mchana." Ukweli ni kwamba kliniki ilikuwa ifunguliwe saa mbili asubuhi na kufungwa saa nane mchana. Tulikuwa tumegeuza maneno tu, tarakimu tukaziacha kama zilivyokuja. Siku yenyewe nilikuwa pale kuandika habari. Saa nane, wahudumu wakipakia meza kwenye gari, akatokea mzee mmoja ameshikwa mkono na mjukuu wake. "Kijana wangu," akaniuliza, "saa nane si ndiyo hii?"

Nilikosa la kumjibu. Kwa Kiswahili, mzee alikuwa amefika kwa wakati.

Siku hizi nafundisha uhariri chuoni, na kosa hilo bado nalikuta kwenye kazi za wanafunzi kila muhula. Sababu yake ni rahisi kuiona. Simu ya kila mmoja wetu inaonyesha 08:00. Jicho linaona nane, mdomo unasema mbili, na hakuna anayekwazika. Tumezoea kuvuka daraja hilo mara mia kwa siku bila kufikiri. Shida huanza tunapoandika, kwa maana tarakimu haisemi imetoka upande gani wa daraja. Msomaji akiona "saa 8" peke yake atalazimika kubahatisha kama mwandishi alitafsiri au alinakili.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: katika habari ya Kiswahili, saa iandikwe kwa maneno na ifuatwe na kipindi chake cha siku. Saa mbili asubuhi. Saa tisa unusu alasiri. Saa tano kasorobo usiku. Wenzangu wengine hupendelea tarakimu kwa kuwa zinaokoa nafasi, nami siwezi kusema wamekosea mradi kipindi kipo. Lakini nimeona kwamba anayelazimika kuandika "nane" kwa herufi husita kidogo, akajiuliza kama ndiyo saa anayoikusudia. Huko kusita ndiko ninakokutafuta. Tena kipindi nacho hufanya kazi ya mlinzi: "saa nane asubuhi" inakwaruza sikio la yeyote aliyekulia katika lugha hii, na mhariri aliye macho ataisimamisha papo hapo.

Saa yetu hufuata jua, na karibu na ikweta jua halibadiliki sana. Hapa Kisumu huchomoza takriban kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi, mwaka mzima. Waingereza hawana bahati hiyo, na hilo hutugusa kuliko tunavyodhani. Wao husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ilhali Kenya haisogezi chochote. Mechi inayoanza huko saa tisa alasiri kwa saa zao, sisi huitazama saa kumi na moja jioni wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na mbili jioni katika majira ya baridi. Mwandishi wa michezo anayenakili ratiba ya Septemba mpaka Novemba atawawahisha mashabiki kwa saa nzima, na mashabiki wa mtaa wetu wa Kondele hawasamehi upesi.

Tarehe zina mtego wao. Katiba ya Kenya inataka uchaguzi mkuu ufanyike Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Mwaka 2017 ilikuwa 8/8, na hata ungeisoma kutoka upande gani maana ni ile ile. Mwaka 2022 ikawa 9/8, ambayo Mmarekani, anayetanguliza mwezi, huisoma Septemba 8. Inayofuata ni 10/8/2027, na ndugu yako aliye Marekani akiipata hivyo kwenye simu anaweza kudhani ni Oktoba. Andika jina la mwezi: Jumanne, Agosti 10, 2027. Siku ya wiki si pambo. Ni shahidi wa pili, kwa sababu ukiteleza ukaandika Jumatano, siku na tarehe zitakataana na mtu ataligundua kosa kabla halijatoka.

Ukichagua "Agosti 10" au "10 Agosti", "Desemba" au "Disemba", shikilia ulichochagua. Kamusi itakupa hoja za kuendeleza ubishi, lakini mimi naangalia hifadhi: kompyuta inayotafuta "Desemba" haitakuletea habari zilizoandikwa "Disemba", na nusu ya kumbukumbu zako itabaki gizani. Majina ya faili ni suala tofauti. Hayo yaanze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, 2027-08-10, kama kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kilichotolewa mwaka 1988 kinavyotaka, ili yajipange yenyewe.

Maneno kama jana, kesho kutwa na mtondo ni matamu, na redioni yanafaa kwa kuwa anayesikiliza yuko nawe siku hiyo hiyo. Kwenye mtandao, habari yako ya leo itasomwa mwezi ujao na mtu aliyetumiwa na shangazi yake, na "kesho" yako itakuwa imeshaoza. "Jumatatu ijayo" nayo iache kabisa. Sijaona watu wawili wakikubaliana ni ipi.

Usiku ndio unaohitaji uangalifu zaidi. Kwa hesabu ya Waswahili wa jadi, kama ilivyo kwa Waislamu, siku mpya huingia jua likichwa, hivyo usiku wa Jumatatu hutangulia mchana wake. Watu wengi wa Kisumu na Nakuru, ukiwaambia usiku wa Jumatatu, watafikiria usiku unaofuata mchana huo. Sasa chukua mfano wa ajali ya barabarani Salgaa saa nane usiku. Kwenye kitabu cha matukio cha polisi itaandikwa kwa tarehe ya Jumatatu, kwa kuwa saa sita usiku imeshapita. Walioshuhudia watakwambia ni Jumapili usiku, maana walikuwa hawajalala. Wote wako sahihi, lakini mwandishi akichanganya maelezo hayo mawili atakuwa na ajali mbili.

Kiswahili kilishalitatua hili: "saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu." Ninapoisahihisha habari ya namna hiyo darasani, huwauliza wanafunzi watafute jina la siku ambayo watu waliamka wakasikia kilichotokea. Wakilipata, sentensi hujiandika.