SDK ya Wingu Haifi Siku Iliyotangazwa

Mwenyekiti wa SACCO moja ya Arua, mwanajeshi mstaafu, alinipigia simu baada ya kupokea makadirio yangu ya bei. "Kijana wangu, hapa umeandika kuhamisha toleo, siku mbili za kazi. Mfumo si unafanya kazi?"

"Unafanya kazi, mzee."

"Sasa nalipia nini?"

Sikuwa na jibu fupi, nikamwomba nimpigie jioni. Hili hapa ndilo refu, kwa wenzangu mtakaoulizwa hivyo hivyo.

Mfumo huo niliuandika mwaka 2019. Wanachama hupeleka risiti na picha za vitambulisho, nao mfumo unazipakia S3, hifadhi ya mafaili ya AWS (huduma ya wingu ya Amazon), kwa SDK ya AWS ya lugha ya JavaScript, toleo la 2. SDK ni kifurushi cha msimbo kinachounganisha programu yako na wingu. Toleo hilo liliingia kipindi cha matengenezo tarehe 8 Septemba 2024, na msaada wake ukakoma tarehe 8 Septemba 2025. Kesho yake asubuhi niliingia kwenye mfumo nikiwa na wasiwasi. Picha zikapanda kama jana. Hakuna kilichozimika.

Hapo ndipo wateja wanapotushinda kwa hoja, kwa sababu kifurushi bado kipo npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, unakipakua na kinaendesha programu. Kilichokwisha ni huduma ya waliokitengeneza: dosari ya usalama ikigunduliwa wiki ijayo, kiraka hakitatoka, na huduma mpya za wingu kifurushi hicho hakitazijua. Waganda tunaoendesha magari ya Kijapani yaliyotumika tunalielewa hili bila kufundishwa. Toyota ya miaka ya tisini bado inakufikisha Masaka, ila vipuri vyake unavitafuta soko la Kisekka, Kampala, kwa fundi anayejua ni gari gani limebomolewa jana.

AWS wenyewe hawafichi. Utaratibu wao unasema toleo kubwa huhudumiwa angalau miezi 24 tangu litoke rasmi, halafu huja matengenezo, kwa kawaida miezi 12, ambapo hurekebishwa dosari kubwa na za usalama tu. SDK ya Go toleo la 1 ilifikia mwisho 31 Julai 2025, na ya Java 1.x 31 Desemba 2025. Ile ya JavaScript ilikuwa hata inaandika onyo kwenye kumbukumbu za seva. Mwenzangu ofisini akagundua kwamba ukiweka kigezo cha mazingira AWS_SDK_JS_SUPPRESS_MAINTENANCE_MODE_MESSAGE kuwa 1, onyo linanyamaza. Tukaishi miezi kadhaa kwa amani ya dereva aliyebandika plasta juu ya taa ya injini.

Tena kuna tarehe nyingine, ya lugha ya programu iliyo chini ya SDK. Python 3.8 iliachwa na jamii yake Oktoba 2024, na boto3, SDK ya AWS ya Python, ikaacha kuihudumia 22 Aprili 2025. Seva zenye mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04 zinakuja na Python hiyo hiyo, na bado ninakutana nazo. Ubaya ni kwamba pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, hailalamiki. Inakuletea kimya kimya boto3 ya mwisho inayokubali 3.8, nawe unafunga laptopu ukiamini umesasisha.

Lakini kilichowahi kunichoma hakikuwa na tarehe yoyote ya mwisho.

Januari 2025 boto3 ilitoka 1.35 kwenda 1.36. Tulivyozoea kusoma namba za matoleo, namba ya kati ikipanda ni nyongeza tu, haivunji kitu. Kumbe kuanzia hapo SDK inaweka yenyewe namba ya uhakiki, CRC32, kwenye kila faili inalopakia. Kwa S3 yenyewe ni jambo jema, maana faili likiharibika njiani linajulikana. Ila kuna hifadhi nyingi za watu wengine zinazoiga lugha ya S3, na baadhi hazikuielewa nyongeza hiyo zikakataa mafaili. Nakala zetu za usiku zilikuwa zinakwenda kwenye hifadhi ya aina hiyo. Katika orodha ya tegemezi, yaani vifurushi ambavyo mfumo unavihitaji, nilikuwa nimeandika boto3, basi, bila namba. Seva ilipojengwa upya ikachukua toleo jipya, nakala zikakataliwa usiku nne mfululizo, na barua pepe za hitilafu zilikuwa zinakuja kwangu sizisomi. Sina wa kumlaumu. Dawa yenyewe ilikuwa mstari mmoja, kuweka request_checksum_calculation kuwa when_required, yaani namba ya uhakiki iwekwe pale tu inapohitajika.

Tangu hapo matoleo nayafunga kwa namba kamili, na nayapandisha mwenyewe mara moja kwa mwezi baada ya kusoma orodha ya mabadiliko. Naisoma yote, hata ya namba ndogo, nikinywa chai. Jaribio nalifanya kwa kupakia faili halisi kwenye hifadhi halisi atakayotumia mteja. Majaribio yetu ya kuigiza, yasiyogusa hifadhi halisi, yalikuwa ya kijani (yamefaulu) siku zote nne zile.

Sasa zile siku mbili za mzee. Toleo la 3 limegawanywa vipande, unachukua cha S3 peke yake, jambo ambalo bando langu linashukuru. Kuna chombo rasmi, aws-sdk-js-codemod, kinachobadilisha sehemu kubwa ya msimbo kwa dakika chache. Siku mbili ni za kuwinda kisichoonekana. Mfano: mfumo ulikuwa ukikosa picha ya mwanachama unaangalia kama err.code, jina la kosa, ni NoSuchKey (faili halipo), halafu unaonyesha kivuli cha kichwa. Katika toleo la 3 jina hilo limehamia err.name. Msimbo wa zamani haukatai kuendeshwa, ila sharti halitimii kamwe, na karani wa dirishani anaona ukurasa wa kosa mbele ya mteja. Vilevile faili unaloliomba sasa linakuja kama mkondo wa data, lazima ulisome mpaka mwisho kabla ya kulitumia. Sehemu kama hizo katika mfumo wao nimehesabu kumi na moja.

Jioni nilimpigia mzee, nikamweleza kwa taa ya injini. Akanyamaza kidogo.

"Na hilo toleo la 3 litaachwa lini?"

"Bado hawajatangaza, mzee. Wakitangaza nitakuambia."

"Basi weka kwenye karatasi na gharama ya kila mwaka ya kuangalia. Sitaki kuwaeleza wanachama mara mbili."

Nimeongeza mstari huo. Mkutano wao ni Jumamosi.