Mbega hatosheki na kipande cha msitu

Wengi husema mbega, aina ya kima, akiachiwa kipande chake cha msitu, basi yametosha. Sivyo. Pale Diani, pwani ya Kenya, barabara, hoteli na nyumba zimeukata msitu vipande vipande, na mbega hutafuta majani kote. Huyu ni mnyama wa juu mitini: akishuka hugongwa na magari, akipita kwenye nyaya za umeme zisizofunikwa huungua. Ndiyo maana shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa 1997, limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara, mfano wa ngazi iliyolazwa. Ukibahatika utamwona mama akivuka, kichanga mweupe pepe kamng'ang'ania tumboni, malori yakinguruma chini. Bora zaidi ni kuacha matawi ya pande mbili yashikane.