Uhandisi wa mazingira: kazi zipo, ila hazitangazwi kwa jina hilo

Kila baada ya mahafali, sisi tunaosajili wahandisi tunapokea lalamiko lile lile. Kijana amehitimu uhandisi wa mazingira, ametafuta tangazo lenye jina la shahada yake, hakuliona, akaamua kwamba fani haina soko. Mwajiri huandika tangazo kwa jina la tatizo linalomsumbua. Kiwanda cha ngozi kinataka mtu wa kuondoa kromiamu kwenye majitaka kabla hayajafika mtoni. Mamlaka ya maji inataka mwendeshaji wa mtambo wa kusafisha maji. Manispaa inataka msimamizi wa dampo anayejua maji machafu yanayochuruzika chini ya taka yanaelekea wapi. Kazi zote hizo ni zako.

Wengi hukimbilia kuandika ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, kwa kuwa ndicho walichokisikia chuoni. Kwa ninavyoona kwenye fomu zinazotufikia, huko kumejaa, na kwenye mitambo watu ni wachache. Tena, si fani ya kupanda miti. Tumelisema hili katika kila semina na bado tunaulizwa. Kupanda miti ni kazi njema na ina wataalamu wake. Mhandisi wa mazingira anakokotoa. Sampuli ya majitaka hukaa gizani siku 5 kwenye nyuzijoto 20 ili ijulikane vijidudu wametumia oksijeni kiasi gani, na namba hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa bwawa la kusafishia majitaka. Kwenye maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linaelekeza klorini huria, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, ibaki walau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30. Maji yakiwa na tope, klorini huishia kwenye tope na vijidudu hupona. Ukikosea hapo, kosa lako linafika kwenye kila bomba la mji.

Kwa sababu hiyo saini yako inalindwa na sheria. Shahada inakufanya uwe mhandisi mhitimu tu. Baada yake unafanya kazi chini ya mhandisi mtaalamu, kwa kawaida miaka 3 hadi 4, ukijaza daftari la kazi, kisha unafanyiwa usaili ndipo usajiliwe. Mkataba wa Washington wa mwaka 1989 unasaidia shahada kutambuliwa baina ya nchi wanachama, hautoi leseni. Vilevile, katika nchi nyingi wataalamu wa tathmini ya mazingira husajiliwa na mamlaka ya mazingira, na usajili huo hauchukui nafasi ya huu wa uhandisi.

Anayesaini michoro bila usajili anaweza kutozwa faini au kufungwa, kutegemea sheria ya nchi, na kazi yenyewe inaweza kukataliwa. Msimamizi anayesaini kazi asiyoikagua anaweza kufutwa kwenye rejista, hata kama alikusudia kumsaidia kijana. Tunajua wengi hufanya hivyo kwa nia njema, lakini bwawa likipasuka, nia haiangaliwi.

Sasa daftari. Mwombaji anaandika: "Nilishiriki ukarabati wa mabwawa ya majitaka." Hilo tunalirudisha. Mwingine anaandika: "Nilipima tope kwa fimbo kutoka kwenye mtumbwi, sehemu 12 za bwawa la kwanza. Tope limefika theluthi moja ya ujazo. Nilipendekeza lichotwe kabla ya mvua, nikakokotoa eneo la kulikaushia." Huyu tunamwita kwenye usaili, na swali la kwanza litakuwa kwa nini alichagua sehemu 12.

Jaza daftari wiki hiyo hiyo ya kazi na msimamizi asaini kila robo mwaka. Saini za miaka 3 zilizowekwa siku moja, kwa kalamu moja, tunazitambua, na muda huo hauhesabiwi.