Kilobaiti 200 za JavaScript si Sawa na Kilobaiti 200 za Picha

Mtu amefungua ukurasa wa kujaza fomu kwa simu ya bei nafuu. Maandishi yameshatokea, kitufe cha kutuma kinaonekana wazi, naye anakibonyeza. Kimya. Anabonyeza tena na tena, kisha baada ya sekunde chache mibonyezo yote inatekelezwa kwa mpigo na fomu inatumwa mara tatu. Wengi hapo huulaumu mtandao, ilhali mtandao ulikwishamaliza kazi yake. Inayohangaika ni simu yenyewe, kwa wingi wa msimbo iliotwishwa wa JavaScript, lugha ya programu inayoufanya ukurasa uitikie vitendo vya mtumiaji.

Picha ya kilobaiti 200 ikifika, kivinjari huifungua na kuichora, basi. JavaScript ya uzito huohuo husafiri ikiwa imebanwa, na ikifunguliwa huweza kuwa kubwa mara kadhaa. Kisha kivinjari hulazimika kuisoma, kuitafsiri na kuitekeleza. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hupita katika njia moja tu, ileile inayopokea mguso wa kidole na kuchora ukurasa, kwa hiyo msimbo ukiishikilia njia hiyo, vingine vyote hungoja. Kazi inayozidi milisekunde 50 huhesabiwa kuwa ndefu. Tangu Machi 2024, Google imekiweka kipimo cha INP (Interaction to Next Paint, yaani muda kati ya mguso na jibu kuonekana) miongoni mwa vipimo vyake vikuu vya ubora wa kurasa, na kwa kipimo hicho ukurasa mzuri ni ule unaoonyesha jibu la mguso ndani ya milisekunde 200. Kwenye kompyuta yenye nguvu ya mtengenezaji mwenyewe ni rahisi kutimiza hayo, na ndiyo sababu tatizo hili huchelewa kugunduliwa.

Sehemu kubwa ya mzigo huo haina ulazima. Katika ukaguzi si ajabu kukuta maktaba nzima (mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari) ya kushughulikia tarehe imepakiwa ili kuandika tarehe moja tu, kazi ambayo kivinjari chenyewe kinaiweza kwa kutumia Intl, zana yake ya ndani ya kuandika tarehe na namba. HTML, lugha inayopanga yaliyomo kwenye ukurasa, ina uwezo wa kumzuia mtumiaji asiache nafasi tupu kwenye fomu, wa kufungua na kufunga maelezo ya ziada, na hata wa kuonyesha kidirisha cha uthibitisho, bila kuandika mstari wowote wa JavaScript. Mijongeo midogo ya vitufe na menyu ni kazi ya CSS, lugha ya mwonekano wa ukurasa. Msimbo wa watu wengine, yaani ule wa matangazo, wa kuhesabu wageni na wa visanduku vya gumzo, unahitaji jicho kali zaidi, kwa sababu huongezwa kwa mstari mmoja, nao huweza kuita mwingine ambao timu haikuuchagua.

Kuna wanaodhani kwamba kuweka sifa ya defer, inayokiambia kivinjari kisubiri kuutekeleza msimbo, kwenye lebo ya kuupakia msimbo huo kunatosha. Ni hatua nzuri, kwa kuwa huuacha ukurasa usomwe kwanza, lakini haipunguzi kazi hata kidogo. Huiahirisha tu, mara nyingi hadi wakati uleule mtumiaji anapoanza kugusa skrini. Kinachosaidia kweli ni kuugawa msimbo ili kila ukurasa upokee sehemu yake tu, na kuufuta ule usiotumika. Kivinjari cha Chrome kina zana iitwayo Coverage inayoonyesha, faili kwa faili, kiasi cha msimbo kilichopakiwa bila kutekelezwa, na watengenezaji wengi wanaoifungua kwa mara ya kwanza hushtuka.

Tunaisihi kila timu iweke kikomo cha kilobaiti za JavaScript kwa kila ukurasa tangu mwanzo wa mradi, na mfumo wa ujenzi, yaani programu inayoandaa msimbo kabla ya kuchapishwa, ukatae toleo linalokizidi. Maktaba mpya inapopendekezwa, mjadala uanze na kitakachoondolewa ili ipate nafasi, na jaribio lifanyike kwenye simu dhaifu, ikiwa imeshikwa mkononi.