Gredi ya 8 ya muziki umemaliza, sasa diploma ipi?

Kila matokeo yakitoka napigiwa simu na mzazi, "mwalimu, gredi ya 8 tumepita, sasa tunaenda wapi?" (tumepita, sawa tu, ada kalipa yeye). Halafu linafuata lile swali, kati ya ARSM ya ABRSM na ATCL ya Trinity (diploma za kupiga muziki za bodi mbili za mitihani za Uingereza) ipi ina uzito. Jibu langu huwa linawaudhi: zote ni levo ya 4 kwa mfumo wa Uingereza, yaani kama mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, kwa hiyo hapo hakuna cha kuchagulia.

Mimi naangalia pumzi, yaani kama mtu ataweza kupiga mpaka mwisho bila kuchoka. Gredi ya 8 ya kawaida ni kama nusu saa, lakini humo kuna skeli, kusoma noti ambazo hujawahi kuziona, majaribio ya sikio, na vipande vyenyewe ni vitatu tu. Diploma inakuondolea hayo yote, watu wanashangilia, kumbe sasa ile nusu saa yote ni kupiga tu. Nilikuwa na mwanafunzi aliyepata distinksheni (daraja la juu kabisa) gredi ya 8, tukafanya mazoezi mbele ya watu, mwanzo ukatoka safi kabisa, kufika dakika ya ishirini hivi mkono wa kushoto ukawa kama gogo, na kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa bado kinamsubiri pale mwisho. Kosa langu, mpangilio niliuandika mimi. Tukakisogeza kikawa cha pili, mwisho tukaweka kile anachokipiga hata akiwa amesinzia.

Sasa ARSM, lazima uwe na gredi ya 8 au cheti kinacholingana nayo, unapiga dakika 30, angalau 20 zitoke kwenye orodha yao, zilizobaki unaweza kujichagulia mradi kiwango kisishuke chini ya gredi ya 8. Hakuna kuandika maelezo ya programu, yaani ya vipande utakavyopiga. Kwa mtoto wa shule ambaye insha tu ni vita, namwambia aende huku.

ATCL haidai cheti chochote cha nyuma, ila programu ni ndefu kidogo, dakika 32 mpaka 38, na unaandika maelezo ya vipande vyako, maneno 400 mpaka 700. Kati ya alama 100, kumi ni za uwasilishaji, yaani hayo maelezo, unavyoingia, unavyosimama, unavyoinama. Mtu mzima anayepiga kanisani kila Jumapili hizo kumi anazo tayari mfukoni, na kuandika hakumtishi. Ukitaka programu ya kujipangia nje ya orodha, iombee kibali kwanza kabla hujalipia chochote.

LRSM na LTCL, diploma za juu zaidi za bodi hizo hizo, ziko levo ya 6, ni mlima mwingine kabisa, tusiziongelee leo.

Kabla ya kujisajili nawapa wiki moja, programu nzima mara tatu, mbele ya watu, simu imewashwa saa, na ukikosea husimami. Mapumziko kati ya vipande yahesabiwe pia, maana wengi wanajumlisha dakika za noti tu halafu siku yenyewe wanapitiliza. Akimaliza ile ya tatu bila mabega kupanda, hapo ndo namwambia mzazi alipie.