Gari linatetemeka kwenye ralanti? Bujii ziache kwanza

Wiki iliyopita iliingia garajeni kwetu hapa Goma Corolla moja yenye bujii, yaani plagi, nne mpya. Koili nne zinazozipa umeme, mpya pia. Na bado ilitetemeka imesimama, mpaka kioo cha pembeni kikawa kinaonyesha watu wawili pale aliposimama mmoja. Mwenyewe, mama anayeuza vitenge soko la Virunga, akashuka akaniambia: "Papa fundi, mimi nimechoka. Kila garaje wananiambia ni bujii."

"Mama, leo hatununui kitu mpaka injini yenyewe iseme."

Ralanti, kwa ndugu zangu wa Dar na Mombasa wasiolitumia neno hili, ni mzunguko wa injini gari likiwa limewashwa, limesimama, na mguu hauko kwenye mafuta. Injini nyingi ndogo za petroli zikishapata moto huzunguka kama mara 650 hadi 800 kwa dakika. Hapo hewa inayoingia ni kidogo na mafuta ni kidogo, kwa hiyo kosa dogo linakuwa kubwa. Ukikanyaga, kosa lilelile linamezwa na dereva anadhani limepona.

Swali langu la kwanza huwa moja tu: kinachotetemeka ni nini? Angalia mshale wa mizunguko. Mshale ukitulia tuli huku usukani unakutikisa mikono, mara nyingi injini haina kosa. Ni supoti zake, zile raba zinazoibeba, zimekatika. Kwa gari la otomatiki, weka D huku umekanyaga breki: mtetemo ukizidi, kisha ukapungua ukirudisha N, fungua boneti na umwache mwenzako arudie wewe ukitazama. Injini inayoruka kama mbuzi aliyefungwa kamba haihitaji bujii. Hapa Goma, ambako mitaa mingi tunaendesha juu ya mawe ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, raba hizo hazizeeki kwa heshima.

Ya mama huyu, mshale ulicheza kati ya 550 na 800. Basi ni injini.

Nikachomoa waya wa injekta, zile zinazopulizia petroli kwenye kila silinda, moja moja, nikisikiliza. Wengi huchomoa koili, lakini hapo petroli mbichi inaendelea kumwagika ndani na kwenda kuunguza katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi. Kila silinda niliyoizima, injini ilishuka kwa kiasi kilekile. Ingekuwepo silinda iliyokufa, kuizima kusingebadilisha kitu. Zote nne zilifanya kazi, ila zote nne zilikuwa na njaa.

Skanere, mashine ya kusoma kompyuta ya gari, haikuonyesha namba yoyote ya kosa, na hapo ndipo mafundi wengi hufunga boneti. Mimi hufungua ukurasa wa namba zinazoonyesha kompyuta inavyosahihisha mafuta. Kwenye ralanti ilikuwa inaongeza asilimia 22. Nikapandisha mizunguko hadi 2,500, ikashuka hadi asilimia 4. Tofauti hiyo ilinitosha: kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, bila kupita kwenye kipimo cha hewa. Tundu hilo likiwa dogo, kwenye ralanti ni sehemu kubwa ya hewa yote, lakini kwenye mwendo halionekani. Ingekuwa kinyume, asilimia zipande ukikanyaga, ningekwenda kwenye pampu ya petroli, filta yake, au kipimo cha hewa kilichojaa vumbi.

Saa ya uvutaji, ile ya kupima nguvu ya injini kuvuta hewa, nayo husaidia, ila hapa kwetu inadanganya asiyejua alipo. Vitabu vinasema injini yenye afya huvuta inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye ralanti. Hizo ni namba za pwani. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na kila ukipanda mita 300 unapoteza karibu inchi moja. Kwa hiyo 14 au 15 iliyotulia hapa Goma ni afya. Nilipokuwa kijana nilisoma 15, nikamfungulia mzee mmoja kichwa cha injini kisichokuwa na kosa lolote. Mzee alinisamehe. Pesa ya gasketi nililipa mimi.

Kutafuta tundu, wengine hupuliza dawa ya kusafishia breki kwenye injini ya moto. Sipendi, nimeona moto. Natumia chupa ya maji ya kupulizia, ile ya saluni, na napuliza kidogo kidogo kwenye maungio ya mabomba, mbali na koili. Maji yakiziba ufa, sauti hubadilika kwa sekunde moja hivi. Nilipofika kwenye kibomba cha mpira kinachorudisha mvuke wa oili ndani ya injini, mlio ukatulia, kisha ukaharibika tena. Nikakitoa. Juu kilikuwa kizuri kabisa. Chini, kwenye kona, nilipokikunja kikafunguka kama mdomo wa samaki.

Usizungushie selotepu wala gundi: mvuke wa oili utailainisha na utarudi pale pale. Wala usiweke mpira wa maji, nao huvimba. Nunua mpira wa oili au wa petroli wenye kipenyo kilekile. Tukiwa hapo nikafuta papiyo, kile kibati kinachofungua njia ya hewa, kilichokuwa na duara jeusi la masizi. Kama ni cha umeme, usikisukume kwa kidole kwa nguvu, na usishtuke ralanti ikiwa juu baadaye kidogo. Kompyuta inajifunza upya.

Petroli ya kadhafi, wale wauzaji wa barabarani, yenye maji nayo huleta mtetemo, lakini hiyo huja ghafla, mara tu baada ya kujaza. Muulize dereva alinunua wapi na lini.

Asilimia zilirudi 3. Mshale ukakaa 700, kioo kikaonyesha mtu mmoja.

"Na hizi bujii zangu mpya?"

"Ziache, Mama, ni nzuri."

Akaniomba kile kibomba kilichopasuka, akakifunga vizuri kwenye mfuko. Alisema anapitia kwanza garaje ile ya mwanzo.